Kalamu Iliyoanzia Jikoni

Katika kazi zote za kalamu, kuandika habari za chakula ndiyo kazi isiyohesabiwa kwetu kuwa kazi. Waandishi wa siasa tunao, wa michezo tunao, na washairi ndio tele. Lakini kijana akisema kwamba yeye huandika habari za vyakula, aghalabu huulizwa kama amekosa la kufanya. Husemwa kwamba mapishi ni mambo ya jikoni, na mambo ya jikoni hayahitaji wino.

Hata hivyo mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, wako vijana wa Kenya walioianza kazi hiyo hiyo, tena katika wakati ambao mtu mwenye akili zake angewashauri wangoje. Nataka leo tuitazame kadhia hii, msomaji mpenzi, kwa sababu naona kwamba wakati ule mbaya uliwapeleka mahali ambapo kazi hii ilipasa kuanzia tangu zamani. Uliwaonyesha pia ni kitu gani tulicho nacho ambacho tunakaribia kukipoteza.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikatoka amri ya kufunga shule na vyuo. Mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kuchukua tu, kisha kuanzia tarehe 27 Machi ikawa marufuku mtu kuonekana nje tangu saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Mapema Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi, na baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale, zikafungwa kwa abiria. Malori ya vyakula yaliruhusiwa kupita, lakini kaunti kadhaa zilifunga masoko yao ya wazi. Mazishi yalihudhuriwa na watu wachache wa kuhesabika, na arusi zikaahirishwa au zikafungwa bila karamu.

Sasa mwandishi wa chakula afanye nini? Kwa desturi anayeanza kazi hii huanzia hotelini. Huingia, akaketi, akaletewa sahani, akaonja, kisha akarudi kuandika kwamba kuku alikuwa laini na bei ilikuwa kali. Au huenda kwenye karamu kubwa, akasifu biriani na kumtaja mpishi. Njia hizo zote mbili ziliziba kwa mara moja. Magazeti nayo yalikosa matangazo, yakapunguza kurasa na mishahara, wala hapakuwa na mhariri mwenye fedha za kumpa mgeni wa kazi. Anayeanza alibaki na simu yake, daftari lake, na jiko la nyumbani kwao.

KIJANA WA IKONGE

Tumfikirie basi kijana wa Ikonge. Simtaji mtu fulani, nachora hali iliyokuwa ya wengi. Wasomaji wetu wa pwani huenda hawajapata kulisikia jina hilo. Ikonge ni soko katika Kaunti ya Nyamira, kwenye nyanda za juu za Wagusii, safari ipitayo kilomita 700 kutoka Mombasa. Ni nchi ya vilima na mvua, ya chai na migomba, na ndizi zake hupakiwa malorini kwenda kulisha miji. Sisi wa pwani tukisikia Kisii hukumbuka vinyago vya mawe laini ya Tabaka vinavyouzwa kwa watalii. Chungu cha Wagusii hatukijui.

Kijana huyu alikuwa chuoni Nairobi. Chuo kimefungwa, amerudi kwao, na ana hamu ya kuandika. Angeandika nini? Hapana hoteli ya kusifu. Lakini jikoni kwa mama yake kuna obokima, ndio sima, nayo iliyo bora kwa wazee ni ile ya unga wa wimbi. Kuna amatoke, ndio ndizi za kupika. Kuna rinagu, na kuna chinsaga, mboga ambayo Mgusii aliye mbali huitamani kama sisi tunavyotamani samaki wa kupaka. Majani ya chinsaga ni machungu. Huchumwa yangali machanga, yakachambuliwa jani kwa jani, yakachemshwa, na wengi huyatia maziwa na kuyarudisha motoni hata uchungu ukapoa. Mama aliyejifungua hupewa mboga hiyo apate nguvu.

Hapo ndipo kalamu inapoanza kufanya kazi yake. Kwani chinsaga ni nini? Ni mgagani huu huu wetu, ambao wengine wa pwani huuita mwangani. Na rinagu ndiyo mnavu. Mboga ambayo kwa jirani zetu wa milimani ni heshima ya mezani, kwetu mara nyingi huota penye vifusi, na watoto wa mjini huikanyaga wasijue kama huliwa. Kijana wa Ikonge akiandika maneno mawili hayo pamoja, chinsaga na mgagani, amekwisha kutufunza kwamba sufuria ya Nyamira na sufuria ya Malindi zinajuana. Jambo hilo hatungelipata katika habari za hoteli, kwa sababu hotelini walikuwa wakituletea chipsi na kuku.

Wataalamu waliliona mapema. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezitafiti mboga hizi za kienyeji kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba majani yaliyodharauliwa kuwa ni magugu yana lishe nyingi. Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye wa Makavazi ya Taifa ya Kenya walichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya asili inayoliwa nchini. Lakini kitabu cha mtaalamu hukuambia mmea ni upi na unaota wapi. Hakikuambii mama wa Ikonge huyatia maziwa saa ngapi, wala kwa nini huyalaza majani hayo katika chungu hadi kesho yake. Hilo ni la mwandishi wa chakula, naye hana budi kumwuliza mwenyewe.

MWALIMU ASIYEKARIBIWA

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mwenye kujua ni bibi. Mama anajua nusu, binti anajua robo, na mjukuu wa kiume, aliyekuwa akifukuzwa jikoni, hajui kitu. Lakini katika mwaka ule bibi ndiye aliyekuwa hakaribiwi. Serikali iliwasihi watu wa mijini wasiende mashambani kuwapelekea wazee maradhi, na haikuwasihi bure, kwa kuwa korona iliwaelemea zaidi wenye umri mkubwa. Hata maradhi yalipotulia, Kenya ilikuwa imeandikisha vifo zaidi ya 5,600, na katika hao wazee walikuwa na sehemu kubwa.

Sisi tuliosoma vyuoni, mbele ya mwalimu na ubao, tulihifadhi kwa moyo kwanza. Twajua thamani ya kuhifadhi. Twajua vile vile kwamba alichohifadhi mtu moyoni huondoka naye, isipokuwa awe amekwisha kumpokeza mwingine. Msahafu una mahafidhi wengi, na tena umeandikwa, hauna hofu. Lakini mboga ya bibi ina hafidhi mmoja tu, na pengine hana mwanafunzi.

Kwa hivyo waliotaka kuandika walijifunza kumwuliza bibi kwa simu, au kusimama mlangoni na barakoa usoni. Walijifunza kuuliza vizuri, maana asiyeona kwa macho yake hulazimika kuuliza kila kitu. Ukimwuliza mpishi wa zamani chumvi kiasi gani, hukujibu kwa kiganja. Wakati gani wa kutia tui? Likishachuja la kwanza, akikusudia lile zito tunaloliita kasimile. Moto namna gani? Moto wa makaa yaliyokwisha kuvaa majivu. Hivyo ndivyo vipimo vyenyewe, na mwandishi mwema huviandika kama alivyovisikia, kisha ndipo avipime kwa kikombe na kijiko ili aliye mbali naye apate kupika.

Anayedhani kwamba mambo ya nyumbani hayastahili wino na amkumbuke Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mwaka 1858, akiwa katika maradhi, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia juu ya dini, na namna ya kuishi nyumbani na kumtunza mume. Hakungoja apone ndipo aandike. Leo hakuna asomaye fasihi yetu asiyemtaja, na alichokiandika kilikuwa ni mausia ya mama kwa mwana.

ALIYETUTANGULIA

Wala si mara ya kwanza chakula na maradhi kukutana katika karatasi moja. Ibn Battuta wa Tanja alifika pwani yetu mwaka 1331. Huko Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga juu yake. Akaletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa alieleza kwamba chakula kikubwa cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki. Nani kati yetu leo angesema kwamba Mombasa ilikuwa mji wa kula ndizi? Tunauita mji wa pilau na mahamri. Lau si msafiri huyo kukiandika alicholishwa, tusingejua kwamba wazee wetu wa miaka karibu 700 iliyopita wangeweza kuketi katika jamvi moja na watu wa Ikonge wakala bila ya kuona ugeni.

Miaka 17 baada ya safari hiyo, mwaka 749 wa Hijria, sawa na 1348, Ibn Battuta alikuwa Damascus wakati wa tauni kuu. Anasimulia kwamba naibu wa Sultani aliamuru watu wafunge siku tatu, na asipike mtu yeyote chakula cha sokoni wakati wa mchana, kwa kuwa watu wengi wa mji ule walizoea kula vya sokoni. Baadaye watu wakatoka miguu mitupu kuomba, Waislamu kwa misahafu yao, Mayahudi kwa Taurati na Wakristo kwa Injili. Tazama alivyoona: katika msiba mkubwa kama ule, hakusahau kutaja kwamba majiko ya sokoni yalizimwa. Ndiyo maana tunaijua hali ya mji.

RAMADHANI YA 1441

Basi na sisi tuliona yetu. Ramadhani ya mwaka 1441 ilianza mwishoni mwa Aprili 2020, misikiti imefungwa. Mwezi wa Mei adhana ya Magharibi Mombasa hupigwa kama saa kumi na mbili na robo, na marufuku ya kutoka ilianza saa moja. Ina maana kwamba mtu alifuturu, akasali, na mlango ukafungwa. Ule uuzaji wa baada ya tarawehe, wa viazi vya karai na mishikaki, bhajia na mkate wa sinia, uliolisha nyumba nyingi za wajane na za mayatima, ulikatika. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, asitoke mtu wala asiingie, na mikahawa yake yote ikazimwa. Ilisemwa ni siku 15, kisha zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni, na Idi ikawakuta watu humo humo.

Mwenye kuandika habari za chakula katika mwezi ule, hata kama hakuwa ameandika neno lolote kabla yake, alikuwa na jambo zito mkononi. Angeweza kuandika kaimati zinavyokaangwa, na ndizi mbivu zinavyopikwa kwa tui, sukari na iliki. Lakini asingeweza kuandika hayo bila ya kuandika kwamba mwuzaji wa kaimati hakuuza, na kwamba ndizi hizo zina mkulima huko juu ambaye soko lake limefungwa. Futari ya Mombasa na shamba la Nyamira ni ncha mbili za uzi mmoja. Uzi ukikazwa huku, kule hukatika. Ninaona hilo ndilo funzo kubwa walilolipata walioanza wakati ule: kwamba sahani haianzii mezani.

WALIOANZA NA WALIOTOA

Sikusudii kusema kwamba wote walioanza walishika kalamu. Wengine walishika kamera. Dennis Ombachi, aliyekuwa katika timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, alijitokeza katika kipindi cha korona na video fupi za mapishi anayoyapika nyumbani kwake, na sasa anajulikana kwa jina la The Roaming Chef. Jina Ombachi ni la Kigusii. Kwa wale wanaoshikilia kwamba mwanamume hana lake jikoni, huyu alitoka katika uwanja wa miereka na mabavu, akaingia jikoni mchana kweupe, na maelfu wakamfuata kumtazama.

Nje ya nchi mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. London, mwezi Machi 2020, mikahawa ilipofungwa, Jonathan Nunn alianzisha jarida la barua-pepe liitwalo Vittles, akawapa nafasi na malipo waandishi waliokuwa hawajulikani, waandike habari za vyakula vya mitaa ambayo magazeti makubwa hayakuwa na habari nayo. Na Oktoba 2020 kikatoka Marekani kitabu ambacho jina lake lina neno letu wenyewe, In Bibi's Kitchen, cha Hawa Hassan pamoja na Julia Turshen, na picha za Khadija Farah. Hawa alizaliwa Mogadishu, akapitia kambi ya wakimbizi Kenya, kisha akapelekwa Marekani angali mtoto. Katika kitabu hicho wanazungumza mabibi wa nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi, ikiwemo Somalia, Kenya, Tanzania na Komoro, kila mmoja na chakula chake na maisha yake. Wasomaji walikipokea wakiwa wamefungiwa majumbani, wengi wao wakiwa hawawezi kwenda kwa bibi zao wenyewe.

AMANA YA MWANDISHI

Lakini kazi hii ina amana yake, na wakati wa maradhi amana hiyo huzidi uzito. Katika 2020 ndimu, tangawizi, asali na vitunguu saumu viligeuzwa kuwa kinga. Watu walichemsha, wakajifukiza, wakatumiana habari kwa simu usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani lilitangaza wazi kwamba kitunguu saumu ni chakula chema, lakini hapana ushahidi kwamba kilimkinga mtu na korona. Kiongozi mmoja wa Nairobi hata alitangaza mwezi Aprili kwamba katika vifurushi vya chakula cha maskini atatia vichupa vya pombe kali ili wasafishe koo, na Shirika hilo lilikuwa limekwisha kuonya kwamba pombe haikingi.

Anayeanza kuandika habari za chakula katika hali hiyo hushawishika. Akiandika kwamba chinsaga inatibu, atasomwa na watu elfu. Akiandika kwamba chinsaga ni mboga tamu yenye lishe, ipikwayo hivi na hivi, atasomwa na watu kumi. Achague wale kumi. Mgonjwa aliyeacha kwenda hospitali kwa sababu ya makala ya mapishi ana dai juu ya mwandishi, na dai hilo halifutwi kwa kusema kwamba nia ilikuwa njema.

Amana ya pili ni ya jina na haki. Mapishi yana wenyewe. Kama chakula ni cha Wagusii, na kisemwe ni cha Wagusii, kwa jina lao, si kuitwa mboga chungu ya milimani. Kama ni cha mama fulani, na aulizwe kama anaridhia kutajwa. Tumeona mara nyingi vyakula vyetu vya nazi vikiandikwa katika vitabu vya wageni kama kwamba viliota vyenyewe mahotelini.

KILICHOBAKI

Desemba 2021, maradhi yakiwa bado hayajakwisha, UNESCO iliiweka Kenya katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi, kwa juhudi zake za kuvilinda vyakula vya asili. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007 kwa ushirikiano wa wanasayansi na viongozi wa jamii, ikaorodhesha mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, kisha ikawatia watoto wa shule za msingi katika kukusanya habari za vyakula vya kwao. Hilo la watoto ndilo lililonifurahisha zaidi. Mtoto aliyetumwa na mwalimu kwenda kumwuliza bibi yake huwa ndiye mwandishi wa chakula wa kwanza katika ukoo wake.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Mikahawa imefunguliwa zamani, karamu zimerudi, na anayeanza sasa anaweza tena kuanzia hotelini kama zamani. Ningemwomba asifanye hivyo. Na aanze walipoanzia wale wa 2020, jikoni kwao, kwa mboga moja. Aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, na chini yake jina la Kiswahili, na chini yake nani aliyemfunza, mahali gani na mwaka gani. Halafu aulize bei yake sokoni na nani aliyeilima.

Wahariri nao wampe nafasi. Ukurasa ulio na nafasi ya mapishi ya keki inayotaka oveni na krimu, vitu ambavyo nyumba nyingi hazina, hauwezi kukosa nafasi ya chinsaga ya Ikonge wala ya mgagani wa Malindi. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee ambaye bado anasonga na kupika kwa mkono wake, karatasi na kalamu haviwezi kukushinda. Keti naye leo alasiri, umwulize chakula kimoja tu, hadi mwisho wake.